Mstari Umekataa Kukaa Pembemraba: Namna ya Kulitafuta Kosa

Swali lenyewe ni fupi. Umepewa mstari, tuseme 3x + 4y = 12, na nukta moja, tuseme (1, −4). Unatakiwa utafute mlinganyo wa mstari unaopita kwenye nukta hiyo na kuukata ule wa kwanza kwa pembemraba. Kenya, kwa mtaala wa zamani wa 8-4-4, ilikuwa kazi ya kidato cha pili. Tanzania, kwa muhtasari uliotumika miaka mingi, ni kazi ya kidato cha nne. Hatua zake ni chache, na bado daftari hurudi na alama nyekundu kwa makosa yale yale.

Makosa hayo nimeyapanga kwa dalili, yaani kwa kile unachokiona wewe mwenyewe baada ya kumaliza kukokotoa. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo inayotokea sana na ya mwisho ndiyo ya nadra. Huna haja ya kusoma yote kwa mkupuo. Fanya kwanza vipimo viwili vilivyo hapa chini, ujue unaumwa nini, kisha nenda kwenye dalili yako.

## Kwanza tuwe na jibu la kulinganishia

Mstari wa swali ni 3x + 4y = 12. Weka y peke yake:

4y = −3x + 12
y = −3/4 x + 3

Mteremko wake, au gradienti kama wengi mnavyouita darasani, ni −3/4. Mteremko wa mstari unaoukata kwa pembemraba ni 4/3. Sasa tumia nukta (1, −4):

y − (−4) = 4/3 (x − 1)
3y + 12 = 4x − 4
4x − 3y − 16 = 0

Kipimo cha nukta. Ingiza 1 mahali pa x na −4 mahali pa y: 4 + 12 − 16 = 0. Imekubali.

Kipimo cha zao. Zidisha miteremko miwili: −3/4 × 4/3 = −1. Imekubali.

Jibu likivuka vipimo vyote viwili ni sahihi, hata kama mwenzako ameandika kitu chenye sura nyingine, kwa sababu kupitia nukta moja kuna mstari mmoja tu unaoweza kuukata ule wa kwanza kwa pembemraba. Hili ndilo ninalotamani kila mwanafunzi alishike. Maswali mengi ya hisabati hukuacha na wasiwasi hadi matokeo yatoke. Hili hukuambia papo hapo kama umepata, na linakwambia hata ukiwa kwenye chumba cha mtihani usikokuwa na kikokotoo. Alama zake hazina sababu ya kupotea.

Sharti ni moja. Unapofanya kipimo cha zao, usome mteremko upya kutoka mlinganyo wa swali, na usome upya mwingine kutoka jibu lako la mwisho. Ukizidisha zile namba mbili ulizozitumia katikati ya kazi, na mwanzoni ulikuwa umeusoma mteremko vibaya, utapata −1 safi kabisa kwa jibu lililokosewa.

## Dalili ya 1: "Mstari unapita kwenye nukta, lakini zao si −1"

Hii ndiyo dalili inayoongoza. Uzuri wake ni kwamba zao ulilopata lina habari ndani yake. Usilifute. Liangalie.

Zao limekuwa +1. Uligeuza sehemu juu chini lakini hukubadilisha alama. Kwa mfano wetu, ulitumia −4/3, na −3/4 × −4/3 = +1. Mteremko wa swali ukiwa hasi, wa kwako lazima uwe chanya. Wa swali ukiwa chanya, wa kwako uwe hasi. Tupia jicho mistari miwili inayokatana kwa pembemraba: mmoja ukipanda kuelekea kulia, mwingine lazima ushuke. Sababu ya pili ya +1 ni kwamba uliuchukua mteremko wa swali kuwa 3/4 kwa kusahau kwamba 3x ilivuka alama ya usawa ikageuka −3x. Hapo ulibadilisha alama kwa uaminifu kabisa, ila ulianza na alama isiyo yake. Ukipata +1, kagua sehemu zote mbili.

Zao ni hasi, lakini si −1. Ulibadilisha alama bila kugeuza sehemu. Ulitumia 3/4, na −3/4 × 3/4 = −9/16. Mteremko ukiwa namba nzima kosa hili huwa rahisi zaidi kufanyika, kwa sababu 2 haionekani kama sehemu ya kugeuzwa. Iandike 2/1 kwanza, ndipo uigeuze iwe −1/2.

Zao hasi lisilo −1 lina sababu nyingine ya kawaida: hukugawa. Ulifika 4y = −3x + 12 ukaona −3 mbele ya x, ukauita mteremko, ukaugeuza kuwa 1/3. Zao lake ni −1/4. Mteremko husomwa pale tu y inapokuwa peke yake, bila namba yoyote mbele yake. Nikiona 4y upande wa kushoto na mteremko umeshaandikwa, sihitaji kusoma zaidi kujua jibu limeharibika wapi.

Zao ni chanya, na si +1. Kuna mambo mawili. Huenda uliutumia mteremko wa swali kama ulivyo, −3/4, ukapata 9/16. Huo ni mstari sambamba na ule wa kwanza, na mara nyingi mwanafunzi amechanganya maswali mawili yanayofuatana kwenye zoezi moja. Au ulichukua namba iliyo mbele ya x kwenye 3x + 4y = 12 moja kwa moja ukasema mteremko ni 3, ukaugeuza kuwa −1/3, ukapata zao la 1/4.

Zao ni namba ya ajabu ambayo hakuna sababu ya hapo juu inayoieleza. Angalia pale ulipoondoa sehemu. Mfano: kutoka y + 4 = 4/3 (x − 1), mtu anataka kuondoa 3 ya chini, anaandika y + 4 = 4x − 4. Amezidisha upande mmoja kwa 3 na kuuacha mwingine. Matokeo yake ni y = 4x − 8. Jaribu nukta: x ikiwa 1, y ni −4, imekubali! Lakini mteremko umekuwa 4, na zao ni −3. Kosa hili ni baya kwa sababu mwanafunzi aliyefundishwa kipimo cha nukta peke yake ataondoka ameridhika. Ndiyo maana vipimo ni viwili.

Kama mstari wa swali haukutolewa kwa mlinganyo bali kwa nukta mbili, dalili hii ina chanzo kingine kabla ya yote hayo. Chukua A(2, −1) na B(6, 5). Tofauti ya y ni 5 − (−1) = 6, na tofauti ya x ni 6 − 2 = 4, kwa hiyo mteremko ni 6/4, yaani 3/2. Wengi huandika 5 − 1 = 4, wakimeza ile hasi ya −1, na kila kitu kinachofuata kinapinda. Wengine huweka tofauti ya x juu na ya y chini. Wengine huanza na B juu na kuanza na A chini, wakapata −3/2. Kabla hujaendelea, chora vinukta viwili kwa mkono, bila hata rula: ukitoka A kwenda B unapanda au unashuka? Ukipanda kuelekea kulia, mteremko hauwezi kuwa hasi.

### Kwa anayesahau kila mara: kugeuza au kubadilisha alama?

Wapo wanaoikariri kanuni kama wimbo, "geuza na badilisha alama", kisha ikifika siku ya mtihani wanakumbuka nusu moja. Dawa yake ni kuona kanuni inatoka wapi, na inachukua dakika chache kwenye karatasi ya grafu.

Mteremko wa −3/4 maana yake ni hii: ukiwa popote juu ya mstari, nenda kulia hatua 4, shuka hatua 3, utakuwa bado juu ya mstari. Chora hiyo safari. Sasa izungushe karatasi robo duara kuelekea kushoto, kinyume cha mishale ya saa. Kilichokuwa "kulia 4" kimekuwa "juu 4". Kilichokuwa "chini 3" kimekuwa "kulia 3". Safari mpya ni kulia 3, juu 4, na mteremko wake ni 4/3. Robo duara ndiyo digrii 90, basi huo ndio mstari unaokata kwa pembemraba. Namba mbili zimebadilishana nafasi, ndiyo kugeuza. Na kushuka kumekuwa kupanda, ndiyo alama. Mambo yote mawili yametokea kwa mzunguko mmoja, ndiyo maana huwezi kufanya moja ukaacha lingine.

Mwalimu anayesoma hapa, nakusihi: fanya hili na darasa kabla ya kuandika ubaoni kwamba zao ni −1. Watoto walioizungusha karatasi kwa mikono yao hawaulizi tena kama alama inabadilika.

## Dalili ya 2: "Zao ni −1, lakini mstari haupiti kwenye nukta"

Hapa mteremko wako ni mzima. Kilichoharibika ni namna ulivyoiingiza nukta. Tena usifute, angalia kiasi ulichokosea.

Alama ya namba hasi. Ndiyo sababu ya kwanza, na inaziacha nyingine mbali. Nukta (1, −4) inadai uandike y − (−4), ambayo ni y + 4. Aliyeandika y − 4 anafika 4x − 3y + 8 = 0. Ukiingiza nukta: 4 + 12 + 8 = 24, badala ya sifuri. Ile 24 ni mara mbili ya 12, na 12 ndiyo thamani ya −3y kwenye nukta hiyo. Hivyo ndivyo kosa la alama linavyojitambulisha: masalio huwa mara mbili ya kipande kimojawapo. Ukiona masalio ni mara mbili ya kipande cha y, rudi kwenye alama ya y. Yakiwa mara mbili ya kipande cha x, rudi kwenye x. Kinga yake ni kuandika mabano kila mara, hata pale unapoona unajua: y − (−4), ndipo mstari unaofuata uandike y + 4. Kuruka hatua hiyo hakuokoi muda wowote wa maana.

Ulisahau kuzidisha kipande kimoja. Unapoondoa sehemu, 3 lazima iguse kila kitu upande wa kushoto: 3y na 12. Aliyeandika 3y + 4 = 4x − 4 anapata 4x − 3y − 8 = 0, na masalio ya 8. Angalia kwamba 8 hiyo ni mara mbili ya 4 pia, kwa hiyo kwa nukta hii aliyekosea alama ya x na aliyesahau kuzidisha wanafika mahali pamoja. Masalio yanakuonyesha mtaa. Nyumba yenyewe utaipata kwa kusoma mistari yako mmoja mmoja.

Mabano yalifunguliwa nusu. 4/3 (x − 1) si 4/3 x − 1. Ni 4/3 x − 4/3. Anayekosea hapa hupata y = 4/3 x − 5, na akiingiza x = 1 anapata −11/3, iliyo karibu na −4 lakini si yenyewe. Jibu "linalokaribia" ni dalili nzuri ya kosa hili. Katika swali la namna hii hakuna kukaribia: nukta ipo juu ya mstari au haipo.

Ulitumia kikato cha mstari wa zamani. Mstari wa swali unaukata mhimili wa y penye 3. Wapo wanaobadilisha mteremko tu na kuiacha ile 3: y = 4/3 x + 3. Mstari huo kweli unaukata ule wa kwanza kwa pembemraba, ila unapita mahali pengine. Kama nukta uliyopewa haionekani popote kwenye kazi yako, kosa ni hili, na unaweza kulibaini kwa kuangalia tu.

Ulibadilishana x na y. Jaribu kuingiza nukta iliyopinduliwa, yaani (−4, 1), kwenye jibu lako. Ikikubali, umepata mchawi.

## Dalili ya 3: "Mteremko umekataa, chini kuna sifuri"

Mstari wa swali ni mlalo au ni wima. Hakuna kilichoharibika, kanuni ya zao haifanyi kazi hapa, kwa sababu mstari wima hauna mteremko wa kuzidisha.

Kama mstari ni y = 4, huo ni mlalo. Mstari unaoukata kwa pembemraba ni wima, na kila nukta yake ina x moja. Ukipita kwenye (−2, 7), jibu ni x = −2. Kama mstari ni x = 5, ni wima, na jibu kwa nukta hiyo hiyo ni y = 7.

Kosa la kawaida ni kuandika x = 7 au y = −2. Chora msalaba mdogo pembeni, uweke nukta, utaona mara moja. Kosa jingine ni kulazimisha: mtu anaandika mteremko 1/0, kisha anasema 1/0 ni sifuri, kisha anaendelea. Ukiona sifuri chini ya sehemu, weka kalamu chini na uulize kama zile nukta mbili ulizopewa zina x inayofanana.

## Njia ya mkato isiyohitaji mteremko

Kama sehemu zinakusumbua, au mistari wima inakutisha, ipo njia inayokwepa vyote viwili. Mstari wowote unaoukata ax + by = c kwa pembemraba una sura hii:

bx − ay = k

Yaani namba zilizo mbele ya x na y zinabadilishana nafasi, na moja yao inabadilisha alama. Kwa 3x + 4y = 12 unaandika 4x − 3y = k. Kisha ingiza nukta kuipata k: 4(1) − 3(−4) = 16. Jibu ni 4x − 3y = 16. Hakuna sehemu, hakuna mabano ya kufungua, na makosa mengi ya Dalili ya 1 na ya 2 hayana pa kuingilia. Hata y = 4 inakubali: ni 0x + 1y = 4, basi mpya ni 1x − 0y = k, yaani x = −2 kwa nukta ya pale juu.

Kwangu mimi hii ndiyo njia bora kwa mtihani. Lakini ijue kwanza ile ndefu, kwa sababu swali likisema "onyesha mteremko", alama za hatua zipo kwenye mteremko.

## Dalili ya 4: "Jibu langu halifanani na la nyuma ya kitabu"

Mara nyingi halijakosewa. 4x − 3y − 16 = 0, na 3y = 4x − 16, na y = 4/3 x − 16/3, na −8x + 6y + 32 = 0 ni mstari mmoja. Ziweke zote katika sura ya y peke yake uone. Au chukua nukta mbili zilizo kwenye jibu la kitabu uziingize kwenye lako. Zikikubali zote mbili, mistari ni mmoja.

Kama kweli ni tofauti, hakikisha umesoma namba ya swali sawasawa na kwamba ulinakili alama zote. Kisha chukua jibu la kitabu ulipitishe kwenye vipimo viwili. Vitabu navyo hukosea uchapaji. Jibu la kitabu likishindwa na lako likavuka, mpelekee mwalimu vipimo vyote viwili vikiwa vimeandikwa, umwambie kwa adabu: "Mwalimu, naomba unikagulie, jibu la kitabu halipiti kwenye nukta." Usibadilishe kazi sahihi ili ifanane na karatasi.

Halafu angalia swali lilitaka sura gani. Likisema ax + by + c = 0 na wewe ukaacha sehemu, unaweza kupoteza alama kwa mstari ulio sahihi.

## Dalili ya 5: "Nimechora, pembe haionekani kuwa digrii 90"

Kagua skeli kabla ya kitu kingine. Kama kwenye mhimili wa x sentimita 1 ni kizio 1, na kwenye mhimili wa y sentimita 1 ni vizio 5, mistari iliyo pembemraba kihesabu haitaonekana pembemraba kwa macho wala kwa kipimapembe. Programu za kuchora grafu kwenye simu hufanya hivyo hivyo ukivuta kioo upande mmoja. Sawazisha mihimili yote miwili, kisha tazama tena.

Kama skeli ni sawa na bado una shaka, tumia kanuni ya Pitagorasi badala ya macho. Mistari ya mfano wetu inakutana penye (4, 0). Kutoka hapo hadi nukta yetu (1, −4) ni vizio 5. Kutoka hapo hadi (0, 3), ambayo ipo kwenye mstari wa swali, ni vizio 5 pia. Kutoka (1, −4) hadi (0, 3), mraba wa umbali ni 1 + 49 = 50. Na 25 + 25 = 50. Pembe ni mraba, hata kama mchoro wako wa penseli umeyumba.

## Dalili ya 6: "Kanuni naijua, ila sijui nitumie nukta ipi"

Hapa shida iko kwenye kusoma swali. Maneno yafuatayo ndiyo yanayochanganya zaidi.

Swali likitaka mstari unaoigawa AB katikati kwa pembemraba, nukta yako si A wala B, ni ya katikati. Kwa A(2, −1) na B(6, 5), katikati ni (4, 2), mteremko wa AB ni 3/2, wa kwako ni −2/3, na jibu ni 2x + 3y = 14. Mstari huu una kipimo chake cha ziada, na ni kizuri: kila nukta iliyo juu yake iko mbali sawa na A na B. Chukua (1, 4), ambayo ipo juu yake. Mraba wa umbali hadi A ni 1 + 25 = 26; hadi B ni 25 + 1 = 26.

Swali likitaka kimo cha pembetatu kutoka kona C hadi upande AB, nukta ni C yenyewe na mteremko unatoka AB. Usitafute katikati ya AB. Kimo hakina lazima ya kupita hapo.

Swali la mguso wa duara hutumia nusu kipenyo. Duara x² + y² = 25 penye (3, 4): nusu kipenyo kutoka (0, 0) kina mteremko 4/3, basi mguso una −3/4, na mlinganyo wake ni 3x + 4y = 25.

## Wakati wa kusimama na kuita mwingine

Umerudia kazi na masalio ni yale yale. Macho yako yameshazoea kosa. Mpe mwenzako swali tupu, bila kazi yako, alifanye mwenyewe, kisha linganisheni mstari kwa mstari. Kukaa peke yako ukisoma ukurasa ule ule hakutasaidia.

Ulichopewa si mstari mnyoofu. Mkunjo kama y = x² hauna mteremko mmoja; unabadilika kila nukta. Hapo unahitaji kalkulasi, ambayo Tanzania hukutana nayo wanaosoma hisabati kidato cha tano na sita. Usilazimishe kanuni za mstari. Muulize mwalimu kama swali ni la ngazi yako.

Nukta zina namba tatu. Kwenye anga la vipimo vitatu, nukta iliyo juu ya mstari ina mistari isiyo na idadi inayoukata kwa pembemraba, na y = mx + c haitoshi. Ni kazi ya vekta.

Unachotaka kupima ni kiwanja. Hapa nasisitiza kwa uzito wote. Kwa kupanga msingi wa chumba, fundi ujenzi anaweza kuhakikisha kona kwa futi kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari uwe mita 5, kona kubwa zaidi hupimwa kwa 6, 8 na 10. Hiyo ni hisabati hii hii na inatosha kwa kona. Haitoshi kwa mpaka. Usichukue digrii za latitudo na longitudo kutoka kwenye simu ukaziingiza kwenye kanuni ya zao: simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, na digrii moja ya longitudo haina urefu sawa na digrii moja ya latitudo. Mtwara, kwa mfano, ya longitudo ni fupi kwa kama kilomita moja. Wapima ardhi hubadilisha kwanza nafasi hizo kuwa mita za mashariki na kaskazini, kwenye mfumo wa ramani kama UTM, ndipo kanuni ya pembemraba ifanye kazi. Kama kuna jirani, uzio, au hati inayosubiri, mwite mpima ardhi aliyesajiliwa kabla ya kuchimba shimo la kwanza la nguzo.